Mali Bila Daftari
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya sherehe ya miaka kumi)



Leo tunaongea habari ya daftari. Mwalimu wetu wa hesabu alitusimulia juu ya ukoo wa Dominy, mafundi seremala wa East Hampton, jimbo la New York, Marekani. Baba Nathaniel, mwanawe Nathaniel na mjukuu Felix, tangu miaka ya 1760 hadi karibu 1840, walitengeneza saa na viti, wakajenga nyumba na vinu vya upepo vya kusagia nafaka. Kinu cha Hook, alichojenga Nathaniel mwana mwaka 1806, kingali kimesimama.

Basi watu hao waliandika: nani kaagiza, kazi gani, bei gani, kalipa nini. Aliyekosa pesa alilipa kwa mazao au kwa siku za kazi, nayo yakaandikwa kwa thamani yake. Leo wao hawapo, lakini hesabu zao na vifaa vyao vimehifadhiwa katika makumbusho ya Winterthur, jimbo la Delaware.

Sisi je? Mwaka wa kwanza tuliweka hesabu kichwani. Mwenzetu akafariki, watoto wakaja kuuliza akiba ya mama yao. Kila mmoja wetu akataja kiasi chake. Tuliona aibu jamani! Tukachanga upya tukawapa, na wiki ile ile tukanunua daftari.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike, hata shilingi kumi.