Mbwa Akibadilika Tabia

Leo tutazungumza juu ya mbwa wa nyumbani, na jinsi ya kutambua kama ana kichaa cha mbwa.

Wewe ndiwe unayemjua mbwa wa boma lako. Unajua anavyobweka, anavyokula na mahali anapolala. Basi dalili ya kwanza ni hiyo: mbwa amebadilika. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali. Aliyekuwa mkali anamfuata kila mtu na kujisugua. Mwingine anajificha gizani, au anatafuna vijiti, mawe na hata mnyororo wake. Sauti yake inakwaruza.

Baadaye taya la chini linalegea, mate yanamchuruzika na kumeza kunamshinda. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanasema, "Mbwa amekwamwa na mfupa," kisha mtu anatia mkono mdomoni autoe. Usifanye hivyo! Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate, na mchubuko mdogo wa kidole watosha kuviingiza mwilini.

Tena, usingoje mbwa awe na fujo ndipo uamini kuwa ni mgonjwa. Wengine hawaumi mtu. Wanalegea miguu, wanapooza na kufa baada ya siku chache.

Je, mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda, ufanye nini?

Kwanza, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa.

Pili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Mtoto akipangiwa sindano zaidi ya moja, amalize zote, hata kama jeraha limepona. Dalili kwa binadamu huonekana mara nyingi baada ya miezi 2 au 3, na zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Mama mjamzito au anayenyonyesha akiumwa, naye achanjwe. Chanjo hii haimdhuru yeye wala mtoto.

Tatu, mwarifu afisa wa mifugo. Kama mbwa anaweza kufungiwa bila kumshika, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Lakini usizingoje siku hizo ndipo umpeleke mtoto hospitali. Mbwa akifa, usimzike kabla ya kumwarifu afisa.

Neno moja zaidi. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa. Ukimchapa mtoto kwa kumchokoza mbwa, siku nyingine hatakuambia. Mfundishe aseme, hata kama ni mkwaruzo tu, na ukisikia umshukuru.

Na wewe mwenye mbwa, mchanje kila mwaka, na paka pia. Sindano moja ya mbwa ni rahisi kuliko sindano nyingi za mtoto, na ni rahisi kuliko msiba.

Mama, mwangalie mbwa wako leo jioni anapokula.