Bakteria Kwanza, Utando Baadaye



Kiwanda cha bia kinachosimamiwa vizuri hutumia lita tatu hadi nne za maji kwa kila lita ya bia. Kisichoangaliwa hufika saba. Mengi ya ziada hiyo hutoka yakiwa maji taka ya uvuguvugu, yenye sukari ya kimea, hamira, mabaki ya machicha na kostiki soda ya kuoshea chupa. Lita moja huhitaji miligramu 2,000 hadi 6,000 za oksijeni ili uchafu wake uishe kikemikali. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 50 tu kwa lita kuingia kwenye mazingira. Maji taka hayo yakimwagwa ziwani yalivyo, bakteria hushangilia karamu, humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi.

Ulaji huohuo tunaweza kuuhamishia ndani ya uzio wa kiwanda. Katika miaka ya 1970, huko Wageningen, Uholanzi, Gatze Lettinga na wenzake walibuni tangi ambalo maji huingilia chini na kupanda taratibu kupitia tope zito, pasipo hewa. Bakteria wa tope hilo hushikamana na kuwa punje za milimita chache, nzito kiasi cha kutosombwa na maji. Lettinga hakuhodhi uvumbuzi huo kwa hataza, na kwa hilo nchi zetu zina deni kwake.

Tupige hesabu. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku, kila lita ikihitaji miligramu 3,000 za oksijeni, kina uchafu unaohitaji kilo 3,000 za oksijeni kila siku. Tangi likiondoa asilimia 80, tunapata takribani mita za ujazo 840 za methani, na gesi hiyo huenda moja kwa moja kwenye boila. Mfumo wa kupuliza hewa ungeteketeza umeme kwa kazi ileile na kutuachia tope mara kadhaa zaidi.

Ndiyo maana nasikitika kuona viwanda vikianza kwa kununua utando wa kuchujia maji. Matundu ya utando, yenye upana wa kama mikromita 0.04, huzuia bakteria mwenye upana wa mikromita moja, lakini utando hauli uchafu. Ukipewa maji mazito huziba, huoshwa kwa klorini kila mara, na huchakaa kabla ya wakati. Mahali pake ni mwishoni, baada ya tangi la Lettinga na hatua fupi ya hewa. Hapo hutoa maji safi ya kupozea mitambo na kuosha sakafu.

Mwanzoni kabisa pawepo tangi la kusawazisha. Siku ya usafi, kostiki hufika kwa mkupuo mmoja, na vijidudu vinavyotoa methani haviivumilii. Sodiamu yake nayo hailiwi na bakteria yeyote, wala utando huu hauizuii. Kuipunguza ni kazi ya chumba cha kuoshea chupa: kuichuja kostiki na kuitumia tena, badala ya kuifungulia mfereji.