Bustani Iliyofumwa



Sisi tukaao Lushoto twazijua bustani: mboga na maua katika miteremko, mifereji ya maji mashambani, na miti ya nchi za mbali huko Amani, penye bustani iliyoanzishwa mwaka 1902. Leo twapenda kunena habari za bustani zisizopandwa, bali zilizofumwa.

Uajemi, iitwayo sasa Iran, ni nchi yenye ukame mwingi. Kwa hiyo watu wake waliithamini sana bustani, wakaifuma kwa sufu katika mazulia, wapate kuitazama hata maua yakiisha kunyauka. Mfumaji aliionyesha kama aionavyo ndege arukaye juu: mifereji yenye samaki, na miti kandokando. Zulia moja la namna hiyo, la karne ya 17, limehifadhiwa Glasgow katika Burrell Collection.

Lakini lililosifiwa kuliko yote lilikuwa la wafalme wa Uajemi mjini Ctesiphon. Ardhi yake ilikuwa dhahabu, matunda yake vito. Waarabu waliutwaa mji ule mwaka 637. Tabari, mwandishi wa tarikhi, asimulia kuwa zulia lilipelekwa Madina, likakatwa vipande, watu wakagawana. Na Sayyidna Ali aliuza kipande chake kwa dirhamu 20,000. Kila mmoja alipata mali. Bustani hakuipata mtu.

Ndugu, mfereji wa mlimani ni vivyo hivyo: autakaye peke yake huwakaushia mashamba walio bondeni. Na Chama chetu nacho ni zulia moja. Tukifume, tusikikate.