TANGI LINALOVUJA NA HESHIMA YA DEREVA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Katubuka, Kigoma)



Twaomba kusema machache juu ya pikapu kuukuu ya chama chetu, na juu ya kosa tulilolitenda sisi makarani.

Mwaka jana petroli ilikuwa ikipimwa kwa kijiti kila jioni, na asubuhi yaonekana imepungua. Kwa kuwa ufunguo hulala kwa dereva, tuliandika katika daftari kwamba petroli yaibiwa, nasi sote tukajua ni nani aliyekusudiwa. Mzee yule hakutujibu kwa ukali. Alisema, "Mabwana, itazameni gari kwanza, kisha mnitazame mimi."

Tuliinama, tukaona haya. Paipu ya petroli ilikuwa imepotewa na kibano chake, ikasuguana na chasisi hata ikatoboka tundu dogo kama ncha ya sindano. Usiku ilidondosha petroli, mchanga ukainywa. Mchana injini ilivuta hewa kwa tundu lile lile, ndiyo maana ikakohoa kila tulipopanda mlima wa kutoka mjini. Dalili tulikuwa nayo, tukaidharau.

Basi yafaa kila mwenye gari kuukuu ajue mambo haya.

Kwanza, kofia ya tangi. Kofia nyingi za zamani zina kitundu cha kupitishia hewa. Kikizibwa na vumbi, petroli haishuki vema, na injini huzimika njiani. Ukifungua kofia ukasikia hewa ikivutwa ndani, kisha gari likawaka, umeipata sababu.

Pili, maji. Hewa ya ziwani ina unyevu. Tangi likilala nusu tupu, unyevu hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na kuleta kutu. Chujio likichafuka tena mara baada ya kubadilishwa, usililaumu chujio, safisha tangi.

Tatu, moto. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hulipuka. Mvuke huo ni mzito, hutambaa chini mpaka ulipo moto. Msichungulie kwa kiberiti wala taa ya mafuta, wala msikubali tangi lichomelewe kabla fundi ajuaye kazi hajaliondolea mvuke wote. Tundu dogo la tangi likitokea safarini, kipande cha sabuni ya kufulia hulizuia mpaka mfike kwa fundi.

Paipu ile ilibadilishwa kwa muda usiotimia saa moja. Neno tulilomwandikia mzee lilitushinda zaidi: tulilikata kwa wino mwekundu, tukamwomba radhi mbele ya mkutano, naye akatusamehe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulikaribia kujenga ukuta baina yetu na mtu mwaminifu. Kalamu ya karani isitangulie macho yake.