Darasa si Nyumba: Wajibu Wetu kwa Waliopoteza Makazi

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu katika semina kuhusu maafa.



Nimeombwa nizungumze juu ya hifadhi ya dharura na msaada wa makazi kwa wananchi waliopatwa na maafa. Sitazungumza sana juu ya usiku wa kwanza. Usiku huo taifa letu limezoea kuukabili: majirani hujitokeza, polisi na Msalaba Mwekundu hufika, na milango ya shule hufunguliwa. Ninalotaka tulitafakari ni lile linalofuata, yaani safari ya mwananchi kutoka sakafu ya darasa hadi nyumba yake mwenyewe. Katika safari hiyo ndiko wengi hupotelea, na katika safari hiyo ninyi mliomo humu mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Tuanze na shule zenyewe. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliwatoa watu mabondeni, nao wakahifadhiwa shuleni. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji jirani, na huko nako shule zikawa kambi. Mara zote mbili ilikuwa Desemba. Maana yake ni kwamba hifadhi ile ilikuwa na siku zinazohesabika, kwa kuwa Januari wanafunzi hurudi. Nyumba haijengwi kwa wiki nne. Kwa hiyo wilaya isiyokuwa na jibu la swali la Januari itajikuta ama inawafukuza watoto darasani, ama inawatoa watu kambini bila ya kujua waendako.

Aidha, hatuna budi kujua darasa linabeba watu wangapi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vijulikanavyo kwa jina la Sphere, vinataka kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kwa kila watu 20. Chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 kina mita za mraba 63, yaani nafasi ya watu 18. Shule yenye vyumba 10 vya namna hiyo ni ya watu 180, nayo inahitaji vyoo 9 na lita 2,700 za maji kila siku. Hesabu hii mwalimu mkuu anaweza kuifanya leo, jua linawaka, na kuipeleka kwa mtendaji wa kata. Aongeze pia orodha ya kumbi, maghala, makanisa na misikiti iliyo mahali pa juu, ili shule isiwe kimbilio pekee.

Ndugu Mwenyekiti, kosa linalotukwamisha zaidi ni kuwaona wote waliopoteza makazi kama kundi moja lenye haja moja. Kwa hakika wako wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule ambaye nyumba yake imeanguka lakini ardhi yake ni salama. Hao walikuwa wengi mkoani Kagera baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhamishwa kwenda kambini. Ana kiwanja chake, migomba yake na majirani zake. Anahitaji turubai kwa sasa, kisha mabati, saruji, na fundi wa kumwonyesha namna ya kujenga ukuta usioanguka tena.

Wa pili ni yule ambaye ardhi yenyewe si salama. Huyo lazima apewe mahali pengine. Hanang Serikali iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 katika eneo jipya la Waret, na Dar es Salaam waliotoka mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Lakini uhamisho una masharti yake. Baada ya mafuriko ya Rufiji ya mwaka 1968, wakulima walihamishwa kwenda sehemu za juu. Hata hivyo mashamba yao yalibaki bondeni, nao wakaendelea kushuka na kukaa katika madungu yao ili kulinda mazao. Vivyo hivyo baadhi ya waliopelekwa Mabwepande walirudi mjini. Wako wanaowaita watu hao wakaidi. Mimi nasema walifuata riziki. Nyumba iliyo mbali na shamba, soko au kibarua ni malazi tu, wala mtu hawezi kukaa nayo kwa muda mrefu.

Wa tatu ndiye anayesahauliwa, naye ni mpangaji. Msaada unapotolewa kwa kuhesabu nyumba zilizobomoka, mwenye nyumba huandikwa, na familia nne zilizokuwa zimepanga vyumba vyake hazionekani popote. Malalamiko ya wapangaji yalisikika waziwazi mwaka 2012, viwanja vya Mabwepande vilipokuwa vikigawiwa. Mpangaji pengine hadai kiwanja. Akisaidiwa kodi ya miezi michache, godoro na vyombo, atajisimamia. Lakini hata hicho hakipati mtu ambaye jina lake halimo katika orodha.

Hapo ndipo ninapokuja kwenu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Mwananchi haanzii kwa waziri. Anaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na kwa mtendaji. Orodha inayoandikwa pale ndiyo inayopanda hadi juu. Ikiwa na upungufu pale chini, upungufu huo utapanda nayo.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuandike watu, tusiandike nyumba tu: kila kaya, mwenye nyumba na mpangaji, mjane, na mtoto aliyebaki bila wazazi. Pili, orodha isomwe hadharani katika mkutano wa wananchi, kwa kuwa majirani ndio wanaojua nani alilala wapi. Jina la uongo litakataliwa na jina lililosahauliwa litatajwa. Tatu, walimu watoe ushahidi walio nao. Maji yakichukua mkataba wa pango na kitambulisho, rejesta ya shule bado inaonyesha kwamba mtoto fulani, mzazi wake fulani, alikuwa akisoma hapa. Kwa mpangaji asiye na karatasi yoyote, mstari mmoja katika rejesta hiyo unaweza kumrudishia haki yake. Kwa hiyo rejesta na zitunzwe mahali pa juu, na nakala ipelekwe wilayani.

Ndugu zangu, mwananchi aliyepoteza nyumba hupangishwa foleni nyingi: ya uji, ya blanketi, ya kuhojiwa. Mara nyingi huulizwa swali lile lile na watu watano, kila mmoja na daftari lake. Tumpokee kwa heshima, tumwandike mara moja, tumweleze wazi atakaa hapo mpaka lini na atakwenda wapi. Mambo hayo hayangojei fedha za wafadhili. Yanangoja watumishi watakaokaa pamoja kabla ya mvua, kalamu mkononi, na kugawana kazi.