Mtambo Mdogo wa Mvuke kwa Merikebu ya Mfano

Wasikilizaji, katika nyanda za Mbozi, huko Iyula penye mibuni, hakuna bandari wala gati. Mtu atakaye kuona meli hana budi kushuka mpaka Ziwa Nyasa, au kushika njia ya Kasanga mpaka Ziwa Tanganyika. Hata hivyo nchi ile si ngeni kwa habari za meli za moshi. Meli iitwayo Good News, mali ya Wamisionari wa London, iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, na vipande hivyo wapagazi wakavichukua kutoka Ziwa Nyasa hata Ziwa Tanganyika, mwendo wa maili zaidi ya 200, kwa njia iliyopita kusini ya mpaka wa Tunduma wa leo. Ikashushwa majini mwaka 1885. Mhandisi wake, James Roxburgh, alifariki mwaka uo huo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu vijana wengi, waonapo picha ya mtambo wa mvuke, huvunjika moyo. Hudhani ya kwamba ni kitu kimoja kikubwa kisichofahamika. Wale wapagazi walijua zaidi: mtambo ni vipande, na kila kipande kina uzito wake na kazi yake. Na kijana aliye na tupa, msumeno wa chuma, keekee na jiliwa aweza kutengeneza kila kimoja kwa kiasi kidogo, akakiweka katika merikebu ya mti yenye urefu wa mkono.

Nitaeleza mtambo ulio rahisi kuliko yote, ule ambao silinda yake hubembea. Silinda ni bomba fupi la shaba, lililozibwa upande mmoja. Chukueni bomba lenye uwazi wa milimita 10. Ndani yake huingia pistoni, yaani kizibo kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, nacho kina ufito mwembamba. Spoki ya baisikeli yafaa sana. Ncha ya ufito hushikwa na pini iliyo katika kisahani kidogo, milimita 6 kutoka katikati ya mhimili, kwa hiyo pistoni hutembea milimita 12. Mhimili huo ndio uzungushao rafadha.

Kazi ngumu ni pistoni, maana yataka iwe mviringo kamili, na mafundi wa mjini huikereza kwa mashine ya kukerezea. Asiye nayo na afanye hivi: abane keekee katika jiliwa, atie kipande cha shaba mahali pa msumari wa kutobolea, mwenzake azungushe, naye aguse shaba kwa tupa laini, polepole, akijaribu katika bomba kila mara. Ikikaribia kuingia, aweke tupa chini. Apake majivu laini yaliyochekechwa pamoja na mafuta, aisugue ndani ya bomba mpaka iteleze. Kisha aoshe vyote kabisa, kwani majivu yakibaki yatakula shaba siku zote. Dalili ya kazi njema ni hii: ukiziba tundu la silinda kwa kidole na kuvuta pistoni, yarudi yenyewe.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo mitambo mingi ya vijana hufa. Mvuke huingiaje na kutokaje? Ubavu mmoja wa silinda hutiwa bamba lililosuguliwa likawa sawa kama kioo, nalo huegemea bamba jingine lililosimama, likisukumwa na springi ndogo. Silinda hubembea juu ya pini iliyo milimita 40 kutoka kwenye mhimili. Juu ya pini hiyo, milimita 20, pana tundu moja la silinda. Kwa hesabu, pistoni ikipelekwa upande milimita 6, tundu hilo hupelekwa upande wa pili nusu yake, yaani milimita 3. Basi katika bamba lililosimama tobolewe matundu mawili, moja milimita 3 kushoto na jingine milimita 3 kulia: la kwanza laleta mvuke, la pili laondoa mvuke uliokwisha kazi.

Upana wa kila tundu uwe milimita 2, usizidi. Mtu mwenye tamaa ya nguvu atatoboa milimita 3 na nusu, akifikiri kwamba mvuke mwingi ndio mbio nyingi. Atakuta silinda ikisimama wima tundu lake lagusa yote mawili kwa mara moja, na mvuke wapita moja kwa moja kwenda nje bila kusukuma kitu.

Mvuke husukuma pistoni upande mmoja tu. Kurudi si kazi yake. Kwa hiyo mhimili hutiwa gurudumu zito. Wale waliozungusha kwa mkono mashine ya kumenya kahawa wamekwisha kuonja jambo hili: gurudumu likishapata mwendo hukataa kusimama. Katika bara ile kazi ya chuma ni ya asili. Wahunzi wa Kinyiha waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuu marefu ya udongo, kisha wakakisafisha katika tanuu dogo. (Kile Kimondo cha Mbozi nacho ni chuma, lakini asije mtu akakinyemelea na msumeno kwa ajili ya gurudumu lake!)

Kabla ya kuwasha moto, mtambo hujaribiwa kwa pumzi. Pulizeni kwa kinywa katika tundu la mvuke huku mkizungusha gurudumu kwa kidole. Usipokwenda kwa pumzi, hautakwenda vema kwa moto.

Mvuke wenyewe hupikwa katika bwela, yaani chombo cha kuchemshia kilichofungwa. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Nafasi hiyo hawapewi, ndiyo sababu husukuma, na ndiyo sababu huua. Kopo la bati lisitumiwe kamwe. Bwela liwe la bomba nene la shaba nyekundu, na viungo vyake vifungwe na fundi kwa lehemu ya fedha. Lehemu ya kawaida huyeyuka katika digrii 183 au zaidi kidogo. Maji yenye mkazo wa kilo moja kwa kila sentimita ya mraba hufika digrii 120, kwa hiyo maadamu maji yapo lehemu haina neno. Maji yakikauka, moto hula shaba tupu, na kiungo huachia. Tena pawe na kilango cha usalama chenye springi, kifunguke mkazo ukizidi.

Bwela jipya lijazwe maji baridi pomoni, lisukumwe kwa pampu mpaka mkazo uwe mara mbili ya ule wa kazi. Maji baridi hayakandamiziki kama hewa. Kiungo kibovu kitavuja tu, hakitapasuka kwa kishindo. Liambalo kwa mkazo huo wa kilo moja pistoni yetu yapata nini? Gramu 785 hivi. Ni kidogo, lakini merikebu ya mti haidai zaidi.

Jambo la mwisho ni mafuta. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa masanduku hata Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka majini, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, na mitambo ile ile ya mvuke, ambayo haikuondolewa mpaka miaka ya 1970. Basi ninyi nanyi, merikebu ikitoka kidimbwini, mwageni maji ya bwela lingali na joto, lakini mkazo umekwisha. Futeni silinda, na kutia tone la mafuta juu ya pistoni, mkizungusha gurudumu mara tatu au nne ili mafuta yaenee.