Fidla Haina Plagi



Huku kwetu Kumsenga, Kibondo na Kasulu, ukitamka neno okestra, mtu mzima anatabasamu. Anakumbuka Orchestra Makassy, anakumbuka Maquis, Wakongo walioingia Dar es Salaam miaka ya 1970 na magitaa yao, watu wakacheza hadi alfajiri. Leo nimekuja na okestra ya aina nyingine, ile ya simfoni. Watu sitini au themanini wamekaa kwenye viti kama wako mkutano wa kijiji, kila mmoja na karatasi ya nota mbele yake, na mmoja amesimama ameshika kijiti. Hakuna anayenengua.

Miezi ya kuelekea Krismasi ndipo matangazo ya maonyesho yao yanapoenea mijini. Nairobi wana okestra yao tangu miaka ya 1940. Kampala wanayo. Muscat, walikojaa ndugu zetu wa Kiswahili, Sultani Qaboos aliamuru iundwe mwaka 1985, wakachukuliwa vijana wa Kiomani ambao hawajawahi kushika fidla, wakafundishwa, na mwaka 1987 wakasimama mbele ya watu. Nimezisoma ratiba za namna hii miaka mingi. Sijawahi kuona hata moja imeandikwa Kasulu.

Okestra ninayotaka tukae nayo ni ya Kinshasa. Kinshasa ni mbali, kutoka hapa ni mbali kuliko Dar es Salaam, lakini ni watu wa ng'ambo ya ziwa letu, na habari yao inafanana na maisha yetu kuliko ile ya Sultani. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule ambaye kanisa linaitwa kwa jina lake, alikuwa rubani. Kazi ikapotea. Mwaka 1994 akawakusanya waumini wa kanisa lao, akaanza kuwafundisha muziki ambao yeye mwenyewe alikuwa anajifunza. Wanafunzi wa fidla walikuwa kumi na wawili, fidla zenyewe tano. Mmoja anapiga dakika ishirini, anampisha mwenzake. Na waya wa fidla ukikatika, duka la kuuza mwingine halipo, wanachukua waya wa breki ya baiskeli.

Nyie mnaoshuka na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli, mnaijua thamani ya waya huo. Kuutoa kwenye breki ukaufunga kwenye fidla ni uamuzi mzito, hasa kama mbele yako kuna mteremko.

Nota walinakili kwa mkono. Ala nyingine walizichonga wenyewe. Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu yao iitwayo Kinshasa Symphony. Humo umeme unakatika watu wakiwa katikati ya muziki, na mmoja wa wanamuziki, ambaye riziki yake ni ufundi umeme, anaiacha ala yake na kwenda kushughulika na nyaya. Miaka minne baadaye okestra hiyohiyo ilikuwa Uingereza, inapiga kwenye kumbi za watu wanaolipa kiingilio.

Nilimchezea mwalimu mmoja wa kwaya hapa Kumsenga kipande cha Kinshasa kwenye simu. Ilikuwa simfoni ya tisa ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824. Sasa simfoni hiyo ina kwaya, lakini kwaya haiimbi mpaka sehemu ya nne. Sehemu tatu nzima inasubiri wenzao wapige. Mwalimu akaangalia, akasogeza simu karibu na miwani, akaniuliza: "Mwanangu, hao waliokaa nyuma kimya wana adhabu gani?"

Nikamweleza kwamba wanangoja zamu yao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hao ndio angewataka kwenye kwaya yake, maana waimbaji wake hawawezi kungoja hata mistari miwili. Tena, wanaanza wote. Besi, wanaanza wote. Alto ndiyo usiseme.

Ndugu zetu Warundi mlioko kwenye kambi za wakimbizi hamtashangaa na habari ya kungoja zamu. Ngoma zenu, zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, zimepangwa hivyohivyo. Inkiranya iko katikati, ndiyo inayoongoza. Amashakwe zinashikilia mwendo bila kuyumba, ibishikizo zinafuata inkiranya. Na mti wenyewe unaochongwa ngoma mnauita umuvugangoma, kana kwamba ulizaliwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hizo nikimketisha mbele ya okestra ya simfoni, naamini ataelewa mapema kuliko yule aliyekulia kwenye baa yenye spika mbili kubwa.

Wanaopanga ziara za muziki wana jibu lao, nimelisikia. Wanasema huku hakuna ukumbi, hakuna umeme wa uhakika. Jamani, fidla haina plagi! Bendi ya dansi ndiyo inayohitaji jenereta, vipaza sauti na fundi mitambo wa kupiga kelele "jaribu, jaribu, moja mbili". Okestra ya simfoni ni kundi kubwa zaidi na halihitaji hata betri ya tochi. Na kuhusu ukumbi, nendeni Korogocho, Nairobi, jirani na jalala la Dandora. Tangu mwaka 2008 Elizabeth Njoroge na wenzake wanafundisha watoto wa mtaa ule fidla na tarumbeta kwenye eneo la kanisa, mradi unaitwa Ghetto Classics. Kanisa sisi tunalo. Tunayo mengi.

Sidai watu themanini. Naomba wanne: fidla mbili, viola moja, chelo moja. Wanaenea kwenye Noah moja kutoka Kigoma mjini na ala zao. Hao wanne ndio soprano, alto, tena na besi, sauti nne zilezile ambazo kwaya zetu zinashikishwa kila jioni kwa do re mi ubaoni. Wapige, kisha kwaya isimame iimbe nao. Waimbaji wetu wakisikia chelo ikiishika besi bila kutetereka, kazi ya mwalimu wangu itapungua nusu.

Nilimpelekea mwalimu wazo hili kabla ya kuja studio. Alikubali, ila ana sharti. Wasije Desemba na hayo maonyesho yao ya Krismasi, anasema. Desemba mvua inanyesha, watu wako shambani, na sauti ya nne yote inapalilia. Waje mwezi wa saba, njia zimekauka na maharage yameshaingia ghalani. Na waje na nyaya za akiba, kwa sababu baiskeli yake ina breki moja tu, ya nyuma, na hiyo haitoi.